Kiti cha Rufaa Kando ya Mlango wa Jikoni

Wacha niseme mapema, nyinyi vijana mnaoshika meza sasa: sikustaafu kwa roho nyeupe. Wengine wakistaafu hukata keki, humshukuru Mungu kwa yote, halafu huenda nyumbani kufuga kuku. Mimi pia nilikata keki. Mungu nilimshukuru. Kuku ninao. Lakini nilitoka kwenye ule ukumbi na wivu umenikaa kooni kama kiazi cha moto, na kwa vile Kendi, anayesimamia ukumbi baada yangu, ameniomba niwaandikie mambo ya kazi, nitayaandika na wivu wangu ndani yake. Asiyetaka kuusikia aruke kurasa.

Jina langu mnalijua, Kanana, ingawa wengi wenu mnaniita Mama Mwiti. Nilikuwa refa wa kadi katika ukumbi wa jamii mjini Meru. Na kama kuna mtu anasoma hii na hakulelewa huku kwetu, kadi si kamari. Ni ule mchezo wa karata ambao shuleni tuliuita poka, tukaucheza nyuma ya madarasa mpaka mwalimu wa zamu atokee. Unatupa karata inayofanana na iliyo juu, kwa namba au kwa aina yake, kama maua au kopa. Mbili na tatu zinalisha: ukitupiwa, unakula karata mbili au tatu kutoka kwenye rundo. Mwenye kumaliza mkononi kwanza ndiye mshindi. Lakini kabla ya kumaliza, ukiona zamu yako ijayo unaweza kutoka, lazima utamke mbele ya watu, "Niko kadi." Usipotamka, huwezi kumaliza, na unakula mbili za adhabu. Ugomvi wote niliowahi kuamua, nikiuchambua vizuri, ulizaliwa na hayo maneno mawili.

Sikuajiriwa kuwa refa. Niliajiriwa kufagia. Siku yangu ya kwanza nilikuta wanaume wawili wazima wameshikana mashati juu ya nane ya maua, huku meza imelala chini miguu juu. Katikati yao alisimama mzee mfupi wa kofia ya sufu, ameshika mwiko wa ugali. Aliugonga mwiko kwenye dirisha la chuma mara moja tu, wote wakanyamaza. Huyo alikuwa Mzee Mbaabu, refa wa kwanza wa ukumbi huo. Akanigeukia mimi na ufagio wangu, akaniuliza, "Wewe mwari, umeona nani ametupa?" Mwari kwetu ni binti, na yeye aliniita hivyo mpaka nikawa na wajukuu. Nikamwambia nilivyoona: yule wa shati jekundu alitupa nane, ambayo ni swali na lazima uifuatishe karata nyingine ya kuijibu, akasahau kuijibu, akadhani zamu imepita. Mzee akamwambia wa shati jekundu ale karata moja. Hakuniuliza tena jina wala shule. Aliniambia niache ufagio pale mlangoni, nisimame nyuma ya meza ya tatu.

Alinifundisha kazi kwa kuniudhi. Ningesema jambo mbele ya wachezaji, ananiuliza, "Umeliona au umelisikia?" Ningesema nimesikia, ananiuliza kutoka kwa nani. Alinifundisha kwamba refa anatembea nyuma ya wachezaji, macho yakiona karata za wote, na uso wake hausemi lolote. Ukitabasamu nyuma ya mtu mwenye jokari, umeshamuuza. Ukisimama sana nyuma ya mtu mmoja, umemuuza pia. Na la juu kabisa: refa wa meza hagusi karata iliyo mkononi mwa mchezaji, hata ikidondoka chini. Anayeiokota ni mwenyewe. Hilo likumbukeni, maana mbele litanichoma.

Vifaa vyetu havikuwa vya kujivunia. Juu ya kila meza tulitandika blanketi la kijivu lililokunjwa, kwa sababu karata kwenye mbao huteleza, na karata iliyoteleza huzaa kesi. Mlangoni tuliweka beseni, sabuni na taulo. Mtu ametoka kula mutura hapo nje, vidole vinang'aa mafuta, halafu anataka kushika karata? Shindwe! Nimewahi kumrudisha chifu kunawa. Ukutani palikuwa na ubao wa sheria, kwa sababu watu wa Embu wana kadi yao na sisi tuna yetu. Kwao esi inazuia kulishwa, kwetu wazee walikataa. Kwetu unaweza kupitisha mbili kwa mbili nyingine, kwao waliona huo ni uhuni. Kabla ya ubao, mashindano ya Meru na Embu yalikuwa yakianza na maombi na kumalizikia kwa mawe.

Halafu kuna majani. Upande wa Meru watu wanakuja na miraa, upande wa Embu wanakuja na muguka, na kila upande unaamini mwenzake anatafuna takataka. Mimi sikujali wanatafuna nini, nilijali wanatafuna vipi. Kule Kianjai, siku moja ya soko, nilimwona bwana mmoja akihamisha tonge lake shavu la kushoto kila mara rafiki yake aliyekuwa upande wa pili alipokaribia kucheza. Nilizunguka meza, nikazunguka tena. Shavu la kushoto, rafiki anatupa maua. Shavu la kulia, anatupa kopa. Nikawaambia wote wawili wateme. "Mama, hata kutafuna ni makosa?" aliniuliza kwa uchungu kabisa. Nikamwambia kutafuna ni ruhusa, kuongea na mashavu ndiyo makosa. Tangu hapo sheria ikawa miraa na muguka vinabaki kwenye benchi la nje, na nikapata maadui ambao mpaka leo wakiniona sokoni wanavuka barabara.

Kanisani nako nilikuwa na kesi yangu. Akina mama wa ushirika walinikalisha chini, wakasema karata ni kitabu cha shetani. Niliwaeleza kwamba hakuna senti inayowekwa mezani, zawadi ni mbuzi, au kama mwaka ni mzuri, mtamba. Mmoja wao akaniuliza mbuzi huyo ni wa kienyeji au wa maziwa. Mwaka uliofuata mumewe alijiandikisha.

Sasa nije kwa Njeru.

Njeru alikuwa refa wa ukumbi wa Embu. Mzee Mbaabu alikubali kumfundisha kwa sababu mashindano yalikuwa ya miji miwili na yalihitaji marefa wa pande zote mbili. Alikuwa mdogo wangu kwa umri, mrefu, na alikuwa na sauti. Ai, ile sauti! Mimi nikitangaza, "Kimya mezani," watu wanashusha sauti kidogo wakimalizia hadithi zao. Yeye akisema tu, "Jamani," hata kuku wa jirani wanatulia. Sheria nilizijua kumshinda. Macho yangu yalikuwa makali kuliko yake, na hata yeye alikiri. Lakini mtu aliyetolewa na Njeru alimnunulia soda baadaye. Mtu niliyemtoa mimi alisema nina roho ya simenti.

Nilimwonea wivu kwa kila kitu. Nilimwonea wivu kwa jinsi alivyowaita wazee "Baba" nao wakayeyuka. Nilimwonea wivu kwa shati lake, ambalo halikukunjamana, na mke wake aliyekuwa akimpigia pasi. Akisahau sheria, watu walicheka naye. Nikisahau mimi, waliniuliza kama nimechoka. Hata jina aliniibia: mimi ndiye wa kwanza kuitwa Jaji, na vijana wa stendi ndio waliniita hivyo. Alipokuja yeye, jina likahamia kwake bila hata kuniaga, mimi nikabaki Mama Mwiti.

Lakini kiini cha wivu wangu kilikuwa viti viwili. Kila mwaka, siku ya fainali ya miji miwili, kulikuwa na kiti cha refa wa meza kuu, pale katikati ya ukumbi, chenye mto mwekundu, watu wote wakikiangalia. Na kulikuwa na kiti cha rufaa. Hicho kiliwekwa kando ya mlango wa jikoni, ambapo kabeji inachemka na kila anayebeba sahani anakugonga bega. Refa wa rufaa anatazama tu. Haongei. Mchezaji akikataa uamuzi wa meza kuu, ndipo anaulizwa, na neno lake ni la mwisho. Miaka mingi ilipita bila mtu yeyote kukata rufaa. Nilikaa pale nikinuka kabeji.

Aliyetaja nani akae wapi alikuwa Mzee Mbaabu. Hata baada ya kustaafu alikuja kila mwaka kama mgeni wa heshima, akaketi mbele, na nusu fainali zikiisha anainua fimbo yake na kuelekeza. Kila mwaka fimbo ilielekea kwa Njeru. Kisha inazunguka, inanielekea mimi, kisha inaelekea jikoni. Nilimuuliza siku moja, nikimpelekea uji nyumbani kwake, "Mzee, kwani mimi nina kasoro gani?" Akaniambia, "Mwari, wewe kaa pale nimekuambia." Nikamwekea uji bila sukari.

Mwaka wangu wa mwisho nilijua huu ndio mwaka. Fainali ilikuwa Meru, kwetu. Nilikuwa nastaafu, na kila mtu alijua. Nilinunua gauni la bluu. Niliwaambia watoto wangu waje, Mwiti akaomba ruhusa kazini Nairobi. Niliwaza kwamba hata kama Mzee ana moyo wa jiwe, hawezi kumnyima mtu kiti mara moja tu, siku ya kuagwa. Mama ya watu nilikuwa najipanga hivyo.

Kwenye nusu fainali Njeru alipewa meza moja, mimi nyingine. Wachezaji huvuta namba kutoka kwenye kofia ili kujua watakaa wapi, na hapo ndipo balaa ilipoingia. Kwenye meza yangu aliketi kijana anayeitwa Mutwiri, mkulima wa ndizi wa Mitunguu, mchezaji safi, mtulivu. Kushoto kwake, yaani yule anayecheza mara tu baada yake, akaja kuketi Mama Ciarunji, mama wa makamo kutoka Mbeere, ambaye huko Embu walimwogopa kuliko polisi. Mutwiri alipomwona, aliinuka nusu, akakaa, akaangalia chini ya meza kana kwamba ameangusha funguo. Nikamuuliza kama anaumwa.

"Refa," akaninong'oneza, "huyo ni mama ya mke wangu."

Wale wa umri wangu mmeshaelewa. Kwa Wameru na kwa Waembu kuna nthoni, ile haya ya heshima kati ya mtu na mama mkwe wake. Hampeani mkono ovyo, humwangalii usoni, huli mbele yake, na ukimwona kwenye njia nyembamba unaingia kwenye mahindi ya watu mpaka apite. Vijana wa mjini wameanza kuiacha. Mutwiri hakuwa wa mjini, na Mama Ciarunji hakuwa wa kuiacha.

Nilimwambia namba imeshavutwa, haibadilishwi. Wakacheza. Mutwiri alicheza na shingo imepinda kulia mchezo mzima. Mama Ciarunji alicheza akiangalia ukuta. Kila mtu alikuwa na adabu kupita kiasi.

Halafu Mama Ciarunji akasema kwa sauti ya kuita ng'ombe, "Niko kadi!"

Zamu ilikuwa inakuja kwa Mutwiri, kisha kwa yule mama. Nilikuwa nyuma ya Mutwiri. Mkononi alikuwa na tatu ya maua, na juu ya rundo palikuwa na maua. Akiitupa, mama mkwe anakula tatu na hawezi kutoka. Asipoitupa, mama mkwe anamaliza. Na mjue, kwenye mashindano yetu kuna sheria Mzee Mbaabu aliita sheria ya huruma: mwenzako akiwa kadi, na wewe una karata ya kumlisha, ukaificha, unatolewa. Aliiweka kwa sababu watu wa kijiji kimoja walikuwa wakihurumiana mezani na kugawana mbuzi nyumbani.

Mutwiri aligusa ile tatu. Akaiacha. Akaigusa tena. Kisha akalaza karata zake zote kifudifudi kwenye blanketi, akasimama.

"Refa, siwezi. Heri nitoke."

Ukumbi mzima ukajua ana nini mkononi. Watu wa Meru wakaanza kupiga kelele, "Lisha! Lisha!" Watu wa Embu wakajibu, "Mwacheni kijana ana heshima zake!" Jamaa mmoja nyuma akauliza kwa sauti ni nani atamlisha mama mkwe kisha arudi kwake kumdai mke chai. Na Mama Ciarunji, macho bado ukutani, akasema, "Mwambieni huyo mtu acheze. Mimi sikuja hapa kuhurumiwa." Alisema "huyo mtu" kwa sababu jina la mkwe hakulitamka.

Huyo kijana alikuwa amelima na kucheza mwaka mzima kufika hapo. Nikimtoa, ni sheria. Nikimwacha aifiche, ni mimi nimeivunja. Nikafikiria jinsi tunavyoposa. Bwana harusi haongei siku ile, hata akiulizwa kama ana njaa. Kuna msemaji anayeongea kwa niaba yake, na likisemwa neno gumu, halikutoka kinywani mwa mkwe. Sasa kama mdomo unaazimwa, kwa nini mkono usiazimwe? Sheria inasema mchezaji achague karata. Haisemi ni mkono wa nani uitupe.

Ni mimi niliyelifikiria hilo. Liandikeni. Ni mimi!

Lakini refa wa meza hagusi karata ya mchezaji. Meza ya Njeru ilikuwa imemaliza. Nikamwita, nikamweleza sikioni. Akaniangalia, akacheka, akasema, "Mama Mwiti, wewe ni hatari." Kisha akasogea, akamwambia Mutwiri aonyeshe kwa kidole anachotaka, akaichukua ile tatu, akajinyoosha na ule urefu wake, akafungua ile sauti yake.

"Jamani! Karata hii haitoki kwa mkwe. Inatoka kwa refa. Mama, pokea kutoka kwangu."

Akaitupa. Mama Ciarunji akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo, akala tatu, akasema, "Asante, Jaji." Ukumbi ukalipuka. Watu walisimama juu ya viti. Mtu akamkumbatia Njeru. Mwanangu mwenyewe, Mwiti, niliyemtoa Nairobi, alikuwa akipiga makofi akisema, "Huyo jamaa ni noma!" Nilisimama pale na gauni langu la bluu, na roho iliniuma mpaka nikahisi jino linauma. Hakuna aliyeniangalia. Njeru alijaribu kuninyooshea kidole, akisema, "Ni wazo la huyu," lakini ndani ya kelele ile nani angesikia?

Mchezo ukaendelea, Mutwiri na Mama Ciarunji wote wakapita kwenda fainali, kwa sababu kila meza ilipeleka wawili. Mzee Mbaabu akainuka. Nilijinyoosha gauni. Fimbo ikapanda, ikayumba kidogo kwa uzee, ikaenda kwa Njeru. Kisha ikazunguka, ikanitafuta, ikaelekea jikoni.

Sitadanganya kwamba nilimezea. Nililia. Nilisimama kwenye korido pale penye sufuria, nikalia, mpishi akanipa kitunguu nishike ili watu wasiulize. Nilimwambia Mungu waziwazi kwamba namchukia mtu asiye na kosa, na sina mpango wa kuacha leo. Kisha nikajifuta, nikaenda nikakalia kiti changu, mlango ukanigonga bega.

Fainali ilikuwa nzuri, hata mimi nasema. Safari hii Mutwiri hakuwa jirani ya mama mkwe, alikaa ng'ambo, wakitazamana. Hilo lilikuwa baya zaidi, maana sasa hakuwa na mahali pa kuweka macho. Alicheza ameinamia blanketi. Wale wengine wawili walikula sana wakabaki na karata nyingi kama watu wanaouza. Ikawa wazi kwamba ni Mutwiri au mama mkwe. Mtamba alikuwa amefungwa langoni, na watu walishaanza kumpa jina.

Kazi ya kiti cha rufaa ni kutazama midomo. Hilo Mzee Mbaabu alinifundisha zamani: mikono ina refa wake, wewe tazama midomo. Mutwiri alitupa karata, akabaki na moja. Nilimtazama. Kichwa kiliinama zaidi, kidevu kikagusa shati. Zamu ikazunguka. Iliporudi kwake akaiweka ile moja ya mwisho, taratibu, ikafanana. Amemaliza!

Meru nzima iliruka. Njeru akainua mkono.

"Jamani. Hakusema kadi. Mutwiri, kula mbili."

Mambo yalichafuka. Refa wa Embu, ndani ya Meru, anamnyima kijana wa Meru ng'ombe, na anayefaidika ni mama wa Embu. Waliokuwa wakimkumbatia saa ile walianza kumwita mwizi. Kiti kilirushwa. Njeru alisimama mikono imelegea, na ile sauti haikumsaidia kitu, kwa sababu kwa mara ya kwanza watu hawakutaka kuisikia. Mutwiri akainua mkono wake, macho bado chini. "Nakata rufaa."

Wote wakageuka kwangu. Nilikuwa nimesubiri uso wa ukumbi ugeuke kwangu maisha yangu yote ya kazi, na sasa ulikuwa umegeuka, na mwanangu ndani yake, na Mzee Mbaabu na fimbo yake. Nilielewa vizuri sana kilichokuwa mezani. Ningesema tu, "Nilimsikia," basi ningebebwa juu juu mpaka mjini. Njeru angerudi Embu na jina la mwizi, na asingekalia tena mto mwekundu. Nani angenibishia? Mimi ndimi mwenye macho.

Nilitembea mpaka mezani. Nilimuuliza, "Mutwiri, ulisema?"

"Nilisema, mama. Lakini polepole. Kwa sababu ya…" Hakumaliza. Alielekeza kidevu upande wa mama mkwe.

Nilimwamini. Kijana alishindwa kupaza sauti ya ushindi usoni mwa mama ya mke wake, na mimi nisingetaka mkwe wangu aipaze kwangu pia. Tulimwazima mkono asubuhi, na sote tukajipongeza, na hakuna hata mmoja wetu aliyefikiria kumwazima mdomo. Angeomba tungempa. Hakuomba. Na hayo maneno mawili kazi yake ni kusikika.

"Mimi sikusikia kitu," nikasema. "Midomo yake niliitazama, haikufunguka vya kutosha nzi kupita. Uamuzi wa refa unasimama. Kula mbili."

Watu wangu wenyewe walinizomea. Nilizomewa siku ya kuagwa kwangu, nikiwa na gauni jipya. Mutwiri alikula mbili. Zamu mbili baadaye Mama Ciarunji alitangaza kadi, ukumbi wote ukasikia, hata mtamba langoni nadhani alisikia, na akamaliza. Akatoka kumfungua mnyama wake. Pale mlangoni alisimama, akiwa amempa mkwe mgongo, akawaambia watu kwa jumla kwamba ndama wa kwanza atakayezaliwa atapelekwa Mitunguu, kwa binti yake. Mutwiri akaangalia viatu vyake, akitabasamu.

Keki ilikatwa na watu wachache. Baadaye nikarudi jikoni kunywa chai, kwa sababu huko hakuna aliyenizomea. Njeru akaja. Shati lake lilikuwa limekunjamana, nikaona, na nikafurahi kidogo. Alikaa juu ya kreti ya soda.

"Mama Mwiti, leo ungenimaliza."

"Najua."

"Ukikaa hapa mlangoni, moyo hunitoka. Kila mwaka. Nikikaa pale mbele, siangalii wachezaji, naangalia kama umekunja uso."

Nikanywa chai. Sikumsaidia.

Akavuta pumzi. "Unajua nilikuwa nikimwomba Mzee anipe kile kiti chako?"

"Kiti gani?"

"Cha rufaa. Hiki cha hapa mlangoni. Nilimwendea mpaka nyumbani kwake Kaaga, na sukari na majani ya chai. Alinikatalia. Aliniambia, 'Wewe unapenda watu, utakaa mbele ya watu. Pale kwa mlango nimeweka mtu ambaye hata nikimwomba mimi hatabadilisha neno.' Nilikuwa nikirudi Embu nimenuna njia nzima. Mke wangu alikuchukia kabla hajakuona."

"Ulimwomba mwaka gani?"

"Kila mwaka."

"Kila mwaka?"

"Haki ya Mungu, kila mwaka. Mimi nilikuwa nakuonea wivu, mama. Wivu mbaya."

Niliweka kikombe chini. Nje Mwiti alikuwa akiniita, gari liko tayari, twende nyumbani. Nikamwambia asubiri. Nikafunga mlango wa jikoni, nikammiminia Njeru chai, nikamwekea sukari nyingi, nikavuta kiti changu karibu na kreti yake.

"Kunywa," nikamwambia. "Halafu uniambie tena, polepole, tangu ule mwaka wa kwanza."